Ngoma Yenye Nilisemaka ni Yangu

Mwansa, kijana yangu,

Usianze kucheka. Najua utacheka, juu hujaona barua yangu hata siku moja, na miye nikishika kalamu nitaivunja kama kijiti ya kuchomea samaki. Mama yako ndiye anaandika. Miye nasema, yeye anaandika, na nimemukataza kuongeza ao kupunguza. Amesema hataongeza, ila atapunguza kila mahali nitajisifu. Basi barua itakuwa fupi.

Nimemuambia aandike Swahili yangu, ile yenye nilivuka nayo ziwa kutoka Kilwa ya ng'ambo, juu kule Elizabetivili unaenda ndiyo utasema, na tena juu nikisema neno ya maana na luga ya Bemba, batu ya hapa banacheka ulimi yangu.

Umeenda Kafutuma kuaga bamujomba yako, na kesho asubui bwato inatoka. Ningeweza kungoja urudi nikuambie mudomo kwa mudomo. Lakini unanijua. Nikiona ile masikio yako makubwa inasimama kunisikiliza, nitaleta mzaha, nitakuambia tena namna nilikamata mamba ku mukia, na utapanda bwato bila kusikia kintu yenye inanichoma. Mambo ya blanketi, ya kuchemusha maji, ya kutolala mudomo wazi mu kaminyo ya mizigo, mama yako ameshakuambia mara mia. Miye nitasema juu ya mondo, ile ngoma ya misioni ya kuita batu.

Acha niisifu, ni mara ya mwisho nitaisifu hivi. Muti moja ya mulombwa, ndefu kuliko mutu amelala. Haina ngozi kama ngoma ingine. Ni muti tupu yenye balikula ndani, na juu iko mulango mwembamba, mukono tu inapita. Pembeni ya mulango midomo mbili, ya kiume inasema nzito, ya kike inasema nyembamba. Inje kuna mamba anafuata samaki, na samaki haogope. Ikipigwa, hata ku kisiwa ya Kilwa, katikati ya ziwa, banafunga nguo ya kanisa. Weye umekua chini ya sauti yake kama batoto bengine banakua chini ya nyimbo ya mama yao.

Ule muzungu ya Elizabetivili, mwenye iko na nyumba ya kufundishia bijana kuchonga, alipita hapa na bwato ya samaki akaisikia. Akauliza, "Nani alitengeneza?" Batu balinionyesha na vidole, na miye nikasimama kifua mbele kama jogoo. Nikamuambia, miye nimezeeka, lakini niko na kijana. Ndiyo sababu kapita yake, mwenye kumusimamia kazi, iko ku misioni leo, anakungojea. Hajaona kazi yako hata moja. Unaenda juu ya ile ngoma, na juu ya jina yangu.

Basi sikia sasa juu ya shikulu yako Chisenga, baba ya mama yako. Weye ulimukuta muzee sana, analala ku jua kama kenge. Miye nilimukuta mufundi. Na nimeona bafundi mingi, Mwansa. Nimeona bafundi ya Pweto. Nimeona mutu ya Kasenga alichonga kiti, kiti ikatembea. Hiyo ni uwongo kidogo. Lakini juu ya Chisenga, hata nikitaka kuongeza, sioni mahali ya kuongezea.

Sikio yake moja ilikuwa imekufa. Alisikia na meno. Anasimamisha kijiti ku mudomo ya ngoma, anauma mwisho ingine, anapiga kidogo na kidole, anafunga macho. Mate inatoka, hapanguse. Mara ya kwanza nilimuona hivyo nilicheka mpaka nikaanguka. Hakukasirika. Alinipa kijiti, akasema, "Uma." Niliuma. Mwansa, ile kintu iliingia mu kichwa yangu kama mutu amefungua mulango ya kanisa bakiwa banaimba. Sikucheka tena. Hapana, nilicheka tena, lakini kesho yake.

Na ndani ya ngoma, mahali jicho haifike, alilainisha kama tumbo ya kikombe. Siku, siku, siku, mukono mu mulango mpaka bega, tezo ya mukono murefu inakula polepole. Nikamuambia, "Mukwe, nani ataona kule?" Akasema, "Sauti ndiyo inalala kule. Weye unalala ku miba?"

Lakini kintu yenye ilinishinda kuelewa ni hii. Hakuingiza mukono mu muti kama alikosana na mutu. Inje ndiyo, atapasua, atachonga mamba, atachonga nini. Ndani, hapana. Mwaka moja alikuwa anatengeneza ngoma ya mufumu mwenye kutawala upande ya chini, na siku ilikuwa karibu. Akakumbuka kwamba ku soko alimuambia mama moja ya Mununga, "Samaki yako imezeeka kuliko mufumu," na batu balicheka, na ule mama akafunga samaki yake akaenda. Chisenga akaweka tezo chini. Akatembea mpaka Mununga, siku mbili, na ule mguu yake mubaya, kuomba musamaha juu ya samaki. Na samaki ilikuwa imeoza kweli, miye nilikuwa pale, nilinusa! Aliporudi nikamuambia, "Mukwe, muti haisikie habari ya samaki."

"Muti haisikie," akasema. "Miye ndiye nasikia. Nikiwa na kelele mu roho, nitasikia sauti ya muti wapi? Haiko sauti yangu, kijana. Inatoka kwa Mwenye aliiotesha ule muti. Miye nafungua njia tu. Sasa nikisimama mu njia na matusi yangu, itapita wapi?"

Halafu akaingiza mukono, na kabla ya kupiga tezo akasalimia muti, "Mwapoleni," kama unasalimia mutu mu nyumba yake. Niliona hayo na macho yangu. Mamba ya mukia unaweza kuacha, lakini hii amini.

Sasa kintu yangu.

Ule mwaka kengele ya misioni ilianguka mu maji balipokuwa banaitoa ku bwato. Mpaka leo samaki ndiyo banaitwa ku misa. Padri ule wa zamani akaomba mondo ya kuita batu. Mguu ya Chisenga ilikuwa imevimba, akanipa kazi miye, mukwe yake, kijana mwenye mudomo. Mama yako alikuwa Kafutuma kwa bamama yake na tumbo ya dada yako. Chisenga aliniambia neno moja tu: "Kwanza patana na kaka yako."

Kaka yangu mukubwa alikuwa Kilwa, ng'ambo. Ku kilio ya baba yetu alisema mbele ya batu, "Huyu ni mudomo tupu, akifa tutazika mudomo." Na batu balicheka, mu kilio! Niliapa sitakanyaga mulango yake. Lakini nilitaka kazi. Nikachukua bwato, nikaaga batu yote, nikapiga kafi mpaka hakuna mutu ananiona. Halafu nikageuka, nikaingia mu matete, nikakaa kule siku mbili, nakula samaki kavu na mbu bananikula miye. Siku ya tatu nikarudi, nikasema, "Tumepatana. Amenipa na kuku, lakini iliruka mu maji."

Na nikaanza kuchonga. Inje, Mwansa, nilichonga! Ule mamba ni yangu, hiyo hakuna mutu ataninyanganya. Lakini ndani nilikuwa na ile neno ya kaka yangu, mudomo tupu, mudomo tupu, na kila mara nikipiga tezo napiga yeye. Nilikula muti kama mbuzi anakula shamba ya mutu. Nikamaliza haraka. Nikapiga.

Unajua sanduku ya sabuni? Ukigonga sanduku ya sabuni yenye iko na maharagi ndani. Ndiyo sauti yake.

Pasaka ilibaki siku ine. Niliifunika na mukeka nikasema inakauka. Chisenga akaja na fimbo yake, anaburuta mguu. Akaondoa mukeka. Akauma kijiti, akafunga macho, akakaa. Halafu akaniuliza, "Kaka yako iko muzima?"

"Muzima sana, mukwe. Anakusalimia."

"Alivaa nini?"

"Shati mwekundu," nikasema.

Akaniangalia. Nilikuwa natoka jasho mpaka ku magoti. Akasema, "Muzuri. Nenda ukavue samaki. Rudi siku ya Pasaka."

Nilienda. Siku tatu nilivua samaki, bapale tupu, na kutoka ku maji nilisikia tezo yake, tok, tok, halafu kimya murefu, halafu tok. Na ule mguu imevimba kama muhogo.

Pasaka ilifika, balipiga. Mwansa, bamama benye balikuwa banapara samaki ku pwani balisimama na visu juu. Batoto balinyamaza. Bwato moja ku ziwa iliacha kupiga kafi, ikaelea tu. Ule Padri alitoka inje na machozi mu ndevu akauliza, "Nani? Nani alifanya hii?"

Niligeuka kumuangalia Chisenga. Alikuwa amekaa chini, anaangalia mguu yake. Nikangoja kidogo. Alinyamaza.

Nikasema, "Miye."

Balinibeba juu. Na Chisenga akaja nyuma ya batu bengine, akainama mbele yangu na ule mguu, akapiga makofi ya heshima, akasema, "Mwabombeni mukwai." Umefanya kazi. Alisema vile bila kucheka. Kutoka siku ile, kila mahali nilienda, miye ndiye mufundi ya mondo.

Mbele ya yeye kufa, nilibaki naye peke yangu siku moja, nikamuuliza, "Mukwe, ile Pasaka, juu ya nini ulinyamaza?" Akafikiri. Akasema, "Balipokuwa banapiga nilikuwa nasikiliza mudomo ya kike. Ilikuwa bado inachelewa kidogo. Weye ulisema nini?"

Hakusikia, Mwansa; aliona tu batu bananibeba, akapiga makofi kama bengine. Miye nilibeba ile neno moja miaka yote kama jiwe mu shati, na yeye hakuisikia hata. Alikuwa anasikiliza kazi.

Hapa mama yako aliweka kalamu chini.

Anaandika sasa juu nimemuomba aandike na hii pia. Hakujua. Aliporudi kutoka Kafutuma na dada yako mu mugongo alinikuta tayari mufundi. Leo, kalamu iko chini, aliniangalia, akaniita baba ya Mwansa, akasema:

"Shimwansa. Ile ngoma ni ya baba?"

"Ndani ni yake. Mamba ni—"

"Acha mamba. Siku tulimuzika baba, ulisimama mbele ya batu. Ulisema nini?"

Nikachukua kalamu, nikamunyoshea.

"Nakuuliza. Ulisema nini?"

"Nilisema, mwanafunzi amemupita mwalimu."

"Na miye nilipiga makofi," akasema. "Nilikuwa nalia baba yangu, na nilipiga makofi."

Akatoka inje. Akageuza samaki ku jua, na samaki balikuwa bameshageuzwa. Nilikaa. Aliporudi alikuwa amefunga kitambaa ya kanisa.

"Simama."

"Tunaenda wapi?"

"Ku misioni. Ule kapita iko pale, na batu."

"Ngoja nivae shati ile—"

"Hii yenye umevaa."

Nikamuambia, "Nikisema, kapita anaweza kumuacha kijana." Akasema, "Aende na uwongo ya baba yake? Heri abaki." Lakini alifungua kitambaa akaifunga tena, mara mbili, miye niliona, hata kama hataki kuandika hii.

Tulienda. Kapita alikuwa ku baraza na Padri huyu mupya, bamama ya kanisa banafagia. Nikasimama karibu na mondo. Nilianza na mzaha kidogo, mama yako akakohoa. Basi nikasema yote: matete, shati mwekundu, Pasaka, kilio.

Na unajua balifanya nini? Balicheka! Mama moja akaegemea fagio, "Shimwansa, leo umedanganya vizuri kuliko ile ya mamba!" Mwengine, "Kesho atasema yeye ndiye alizama na kengele!" Mwansa, miaka yote nilisema uwongo balinibeba juu. Leo nimesema kweli, hakuna mutu ananiamini.

Mama yako hakucheka. Alisogea ku mondo, akapandisha mukono ya nguo, akaingiza mukono mu mulango. Yeye alikua mu nyumba ya Chisenga. Miko, vinu, viti, kila kintu alishika toka mutoto kilitoka ku tezo ya baba yake. Akafunga macho. Mukono ilienda mpaka kiwiko, mpaka bega, shavu yake ikalala juu ya muti. Fagio zote zilisimama.

"Ni ya baba," akasema.

Na hakutoa mukono. Alibaki vile, tukangoja. Halafu akasema, "Huku mwisho kuna mahali pabaya. Kama kiganja. Imekwaruzwa kama mbuzi alikula."

Nikasema, "Hiyo ni yangu."

Alilainisha ngoma yote, Mwansa, na pale akaacha. Sijue kama mguu ilimushinda ao aliniachia. Padri aliingiza mukono, kapita naye akaingiza. Hakuna mutu alicheka tena.

Kapita ni mutu wa kazi, hana maneno. Alisema, "Alor, muzee, kijana nilikuja kuchukua ni mutoto ya nani sasa?" Nikaonyesha mondo na kidole. Akasema, "Kesho ku bwato alete kintu moja yenye alifanya yeye peke yake. Nikiona ni kazi, anapanda. Nikiona haiko kazi, anabaki. Bo, sawa?" Nikasema bo.

Basi ndiyo hivyo. Nimekuondolea ngazi ukiwa juu yake. Unaweza kunikasirikia mwaka mzima, ila si kesho asubui, juu kesho asubui una kazi.

Usichukue kile kiti ya samaki mbili. Ni kizuri, lakini miguu mbili ni yangu. Chukua ile mondo ndogo yenye umeficha nyuma ya gunia ya muhogo. Ulifikiri sijue? Wiki iliyopita ulipokuwa ku maji niliitoa. Niliingiza vidole, juu mukono yangu haipite. Mwansa, ndani ni laini. Hakuna mutu alikufundisha. Miye sikukufundisha, juu sijue, na Chisenga alikufa ukiwa unachezea mavumbi. Nilikaa chini na ile kintu ku magoti yangu. Miye, mwenye kusema ku Nchelenge yetu hii yote, nilisikia haya ya kuipiga, kama mutu ameingia mu nyumba ya batu bakiwa banasali. Halafu niliipiga kidogo.

Mwaka uliopita nilikutukana uliposema kinu yenye ulimuchongea dada yako inadanganya sauti, ukaipasua kuni, na dada yako alikuwa ameshaipenda. Nilisema uko na wazimu. Nilijua vizuri hauko na wazimu. Niliogopa, juu nilikuwa namuona Chisenga anasimama tena mu nyumba yangu, na hii mara ana masikio mbili nzima.

Kule watakuomba mamba. Bazungu banapenda mamba. Chonga, mamba haiko zambi, na tumbo inataka ugali. Miye sitakuambia mambo ya kukataa na kukubali, nitaanza kuongea kama katekista na mama yako atalala. Nakuambia moja tu yenye niliilipa mwenyewe. Kama umekosana na mutu, vuka kweli. Usikae mu matete. Kaka yangu, nilipomaliza kilio ya Chisenga nilivuka kumutafuta, nikakuta ameenda ku migodi ya upande ya Elizabetivili, hakuna mutu anajua wapi. Kama utakutana kule na mutu muzee wa Kilwa mwenye sura kama yangu lakini hasemi sana, muambie mudomo tupu anamutafuta. Atajua.

Na kesho, kapita akipiga mondo yako, usiseme kintu. Usimuangalie uso. Sikiliza ngoma.

Padri alikuwa ameshaandika karatasi ya kukujulisha kwa muzungu, na jina yangu ndani, balimusaidia bale benye kunisifu. Ameipasua. Ameandika ingine, iko juu ya meza chini ya kikombe, usiimwagie maji. Inasema: Mwansa, mujukuu ya Chisenga, mufundi ya mondo ya misioni hii. Nimemuomba mama yako aisome. Halafu nikamuomba aisome tena, polepole, na kidole. Halafu mara ya tatu nikamuambia atazame na nyuma. Jina yangu haiko. Nimefurahi, kijana yangu. Inauma, lakini nimefurahi. Panda.

Baba yako